Mgeni wa Siku ya Tisa

Nimetengeneza kikombe kisichonyweka:
sukari saba zimeshikana mikono kwa duara,
mdomo mmoja mpana, mwingine mwembamba,
kina chake ni unywele uliopasuliwa mara laki moja.
Sukari yenyewe hutoka kwenye wanga wa mahindi.
Sikuichagua kwa sababu hiyo. Niliichagua kwa kuwa ni rahisi,
na maabara yetu hapa Szeged
haina fedha ya kuringa.

Kisha nikamwita mgeni.

Atrazini: pete ya kaboni tatu na nitrojeni tatu,
klorini moja pembeni kama kifungo cha koti,
mikia miwili, mmoja mfupi, mmoja wenye panda.
Baba alikuwa akiikoroga kwa fimbo ya mwaloni
katika pipa la buluu nyuma ya banda la nguruwe,
mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko,
na mwezi wa Mei wote shamba likawa mahindi tu,
mahindi na udongo mtupu, kama sakafu iliyopigwa deki.
"Tazama, Emőke," akasema. "Jembe limestaafu."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ndiye aliyetupokonya jembe,
na siku ya tatu hakuaga.
Alishuka. Mvua kwa mvua, tabaka kwa tabaka,
akakikuta kisima.

Kompyuta haijui kisima.
Inajua atomu elfu thelathini, karibu zote za maji,
na kila moja nimeipa chaji yake, uzito wake,
na adabu ya kutopita ndani ya mwenzake.
Siku tisa za mashine kuunguruma na mita ya umeme kukimbia
ni nanosekunde mia nane tu za huko ndani;
kope haijaanza hata kuwaza kushuka.

Siku ya kwanza anazurura.
Siku ya pili anagusa mdomo mpana, anaondoka.
Siku ya nne
nilikuwa nakula mkate na pilipili juu ya kibodi
alipoingiza ule mkia wa panda,
na kilichonishangaza hakikuwa yeye. Ni maji.
Molekuli saba zilikuwa zimebanwa mle kikombeni
kama watu ndani ya lifti, macho yakitazama juu,
hakuna jirani wa kutosha wa kushikana naye.
Zikatoka moja moja, mbio,
kwa furaha ambayo hesabu yangu huiita
nishati huru, hasi nne nukta moja.

Kumbe si mapenzi yaliyomweka ndani.
Ni wengine waliokuwa wanatamani kutoka.

Dezső akapanda kutoka maabara ya chini, glavu bado mikononi:
"Kwenye chupa zangu anashikwa nusu ya unavyodai."
"Ulitumia maji gani?"
"Yale ya kwenu. Uliyoyaleta kwenye dumu."
Basi. Maji yangu ya kwenye kioo ni safi mno.
Ya kisimani yana chokaa, majani yaliyooza, mkojo wa miaka,
wageni mia wanagombea chumba kimoja.
Nikaanza upya. Nikayachafua maji yangu kwa mkono wangu,
kwa uangalifu, kama mtu anayekolea chumvi.

Jumamosi Baba alikuja kuona.
Alisimama mbele ya skrini, kofia mkononi.
Ilikuwa siku ya tisa, na mgeni bado yumo,
anajigeuza, anatetemeka.
"Hatulii," Baba akasema.
"Kwenye joto hili hakuna anayetulia, Baba."
"Na hiyo pete ni ya nini?"
Nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu kuliko nanosekunde zangu zote.
"Mahindi," akasema, "hayana kinyongo."

Kisha akauliza kama maegesho ya pale chini
hulipiwa Jumamosi.